Bafu Katikati ya Mkombero

Mvua za vuli zilipoanza, wazee wa rika la Heche waliugua mgongo wote kwa pamoja, na dawa ya migongo yao ilikuwa imeota kwenye shamba la mke wake.

Aliyeanza kuugua ni Nchagwa. Alikuja asubuhi na fimbo yake, akapewa kiti na uji, akaumaliza uji, kisha akashika kiuno na kusema baridi ya safari hii imemwingia mifupani. "Nasikia Mama Thadeo amepanda mkombero," alisema, macho yake yako kwenye ng'ombe, kana kwamba ndio anaowauliza. Heche akatabasamu. Hakuna mwanamume pale Gorong'a asiyejua mzizi wa mkombero unatibu nini. Unatuliza tumbo, unaleta hamu ya chakula, na ukitafunwa na mzee aliyeoa mke wa pili akiwa na miaka sitini na mbili, unatibu na yale mengine ambayo kwa heshima huitwa mgongo.

"Kachimbe," Heche alisema. Angesema nini tena? Nchagwa ni mtu wa saro yake, yaani walitahiriwa msimu mmoja na kuuguza majeraha pamoja. Mkurya anaweza kumnyima kitu ndugu yake wa tumbo moja na watu wakamwelewa, lakini mtu wa saro yake hamnyimi. Nchagwa akaingia shambani na jembe, akang'oa mche mzima pamoja na mzizi wake mkuu, akaondoka anatembea vizuri kuliko alivyokuja.

Kesho yake akaja Hezekia, naye ni mgongo. Keshokutwa yake Ezekiel alikuja na gunia, akisema na shemeji yake wa Nyangoto hajisikii vizuri. Bhoke, mwenye shamba, alikuwa ameinama jikoni anachambua maharage, na kila jembe lilipogonga udongo kule nyuma ya nyumba alihisi linamgonga yeye.

Maana ule mkombero haukuota wenyewe. Miaka mitatu nyuma Bhoke alivuka mpaka kwenda kumwona dada yake upande wa Kisii, akarudi na vipande arobaini vya mitambaazi ile, amevifunika kwa ndizi kwenye kikapu. Alivichimbia, akavisimikia miti ya kupandia, akavimwagilia kwa maji ya kichwani. Sasa ilikuwa imefika miche mia mbili na sitini. Kule Mugumu kulikuwa na chama cha wakulima wa mimea dawa, na chama kilikuwa kinanunua mizizi kwa bei ya maana, ila kwa wakulima walioandikishwa tu. Kuandikishwa ni mpaka mkaguzi aje, aone miche isiyopungua mia mbili, aone kuwa mizizi inachimbwa kwa utaratibu: upande mmoja wa mche mwaka huu, upande wa pili mwakani, na mzizi mkuu hauguswi kabisa. Mkaguzi angekuja baada ya masika. Akiridhika, jina la mkulima linaingia kwenye daftari la chama, na malipo yanakwenda kwenye simu ya mkulima huyo mwenyewe.

Jina la Bhoke lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu maishani mwake, kwenye kadi ya kliniki na kwenye daftari la kwaya. Alilitaka hili la tatu kwa roho yake yote. Nyuma ya kalenda alikuwa ameshafanya mazoezi ya sahihi, ameichora mara kumi na moja.

"Baba Thadeo," alimwambia mumewe jioni, "leo imeondoka minne."

"Minne ya nini?"

"Ya migongo."

Heche akajikuna shingo. "Sasa mimi niwaambieje? Niwaambie mke wangu amekataa?"

"Waambie imekwisha."

"Wanaiona kutoka barabarani."

"Basi waambie inauzwa."

Heche alimwangalia kwa huruma, vile mtu anavyomwangalia mtoto aliyesema neno baya bila kujua maana yake. "Nimuuzie mtu wa saro yangu mzizi. Mama Thadeo, unataka siku nikifa nibebwe na nani?"

Bhoke akajaribu njia zake. Alizungusha miiba, wazee wakaiinua kwa fimbo, wakapita chini yake wakilalamika kuwa migongo inazidi kuuma. Akamfuata Nchagwa ana kwa ana.

"Shikamoo, shemeji. Ile mizizi mnamaliza."

"Marahaba. Kizuri kula na ndugu yako, Mama Thadeo."

"Ndugu akila anaacha mbegu."

"Mbegu ya nini? Huu ni mti wa Mungu. Baba zetu walichimba porini miaka yote, hakuna aliyepanda hata mmoja."

"Na porini imeisha," Bhoke alisema. "Ndiyo maana mko kwangu."

Nchagwa akacheka sana, akamsifu kwa ulimi wake, na siku iliyofuata akachimba miwili.

*

Akili ilimjia Bhoke siku moja amekaa na ungo wa maharage. Nchagwa alikuwa anakatiza uani na jembe begani, anaelekea alikozoea kuelekea, na mara Happy akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani. Happy alikuwa mke wa Thadeo, mtoto wa Heche na Bhoke. Ameolewa kutoka Serengeti miezi mitano tu iliyopita, mrefu, mpole, amemaliza kidato cha nne. Mumewe alikuwa Nyakunguru kwenye mashimo ya dhahabu, anarudi mwisho wa mwezi na tope na ahadi. Nchagwa alipomwona alisimama ghafla. Akageuka, akajitosa kwenye mahindi, akatulia humo ameupa ua mgongo mpaka yule binti alipopita.

Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakai karibu, wakikutana njiani mmoja anatoka njiani. Na mtu wa saro ya baba mkwe naye ni baba mkwe vilevile, hana punguzo. Bhoke alikuwa ameliona jambo hilo tangu azaliwe. Siku hiyo ndipo alipoliona lina kazi.

"Mwanangu," alimwambia Happy, "kuanzia kesho utapalilia mkombero."

"Wote, mama?"

"Wote. Ila polepole. Usiumalize."

Kwa wiki mbili shamba lilitulia. Wazee walifika mpaka kwenye nguzo ya lango, wakachungulia, wakaona kitambaa cha kichwa cha mkwe wao kati ya majani, wakageuka wakizungumzia hali ya malisho. Lakini mzee mwenye mgongo si mtu wa kudharau. Walijifunza saa zake. Happy akienda kisimani, Hezekia anaingia. Akienda kwaya, Ezekiel anaingia. Miche ikashuka hadi mia mbili na kumi na moja.

Ndipo Bhoke akajenga bafu. Alisimika nguzo nne katikati kabisa ya shamba, akazungushia nyasi, akaweka jiwe la kusimamia, akatundika taulo ya Happy na kanga yake mahali panapoonekana na kila mpita njia. Mkwe akiwepo asiwepo, mahali anapooga baba mkwe hapakanyagi, hata kama ng'ombe wake anafia humo.

Happy aliizunguka ile nyasi mara moja. "Mama, nitakuwa naoga hapa kweli?"

"Ukipenda. Muhimu waamini unaoga."

"Na wenzangu wa kwaya wakiniuliza?"

"Waambie nyumba yetu tunapenda usafi."

Bhoke alicheka mwenyewe. Happy hakucheka. Aliinyoosha ile taulo yake mbele ya barabara nzima, akaokota jembe, akaingia kwenye mistari. Bhoke aliona kwamba hakucheka, lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya kulifikiria. Alikuwa anafurahi mno.

Aliyeumia zaidi ni Heche. Alikwenda kutafuta ndama aliyepotea, akakutana uso kwa uso na taulo, akarudi kinyumenyume.

"Bhoke," aliita. Akikasirika, habari ya Mama Thadeo huisha. "Hili shamba ni la baba yangu."

"Sijasema si lake."

"Sasa mimi nitaingiaje?"

"Una kazi gani humo, mume wangu? Na wewe ni mgongo?"

Heche akaondoka ananung'unika. Bhoke naye akawa anashinda langoni na kigoda chake, anafuma mkeka na kuhesabu wazee wanaofika na kurudi, na huko ndani Happy akawa anafanya kazi peke yake, mvua za masika zikaja, zikanyesha, zikaisha.

*

Mkaguzi alifika mwezi wa sita kwa pikipiki, mwanamume wa makamo ya Heche, ana kofia, fomu na futi ya kupimia. Jina lake Benedicto. Bhoke alikuwa amejiandaa. Happy ametumwa kwa jirani asubuhi. Heche ametumwa mnadani. Benedicto ni mtu wa Mugumu, hawajuani naye, bafu la mkwe wa watu halimhusu. Atanywa chai, ataingia, atahesabu, ataandika.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka kwenye chai. Kisha Heche akarudi, maana mnadani aliambiwa ameonekana mgeni mwenye fomu nyumbani kwake, na hakuna mwenye mji anayekubali mgeni mwenye fomu apite bila yeye. Alikuja na Nchagwa, Hezekia na Ezekiel. Akavuta kiti, akataka kumlainisha mgeni.

"Wewe ni wa Mugumu kabisa, au umehamia?"

"Babu alitoka huku huku Tarime," Benedicto alisema. "Sisi tumezaliwa Mugumu. Ila kutahiriwa nililetwa huku kwa babu."

Bhoke akasimama. "Mgeni, chai inapoa. Twende shambani kabla jua halijawa kali."

"Ngoja kidogo, mama," Heche alisema, amesogeza kiti. "Mwaka gani huo?"

"Baba Thadeo, ng'ombe wameingia kwenye mahindi."

"Hawajaingia. Mwaka gani, mura?" aliuliza, akimwita kijana kwa Kikurya.

"Ule mwaka mto ulibeba daraja tukiwa bado hatujapona."

Bhoke aliangusha birika. Aliliangusha kwa makusudi, likamwagika lote, na halikusaidia kitu. Heche alikuwa ameshasimama, mikono ameitanua. "Huyu ni wa saro yetu. Nchagwa, umesikia? Nilijua. Nilimwona tu nikajua." Wazee wanne wakamkumbatia mkaguzi, wakampigapiga mgongo, wakatajiana majina ya waliokufa na waliobaki, na Benedicto, mtu aliyekuja na fomu tu, machozi yakamlengalenga. Ilikuwa furaha ya kweli, na Bhoke peke yake ndiye aliyekuwa anaona inakoelekea.

Benedicto akapangusa macho, akachukua futi yake, akaelekea shambani. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka lango Nchagwa aliposema, kwa upole kabisa, "Huwezi kuingia humo, ndugu yangu. Mle ndani kuna bafu la mkwe wetu."

Benedicto akaiona taulo. Akaurudisha mguu nyuma kama mtu aliyekaribia kukanyaga kaa la moto.

"Mkwe wetu," alirudia taratibu, akilipima lile neno.

"Mke wa Thadeo," Heche alisema, na hapo ndipo naye alipoelewa alichokifanya. Uso ukamshuka.

"Basi nitaandika halikukaguliwa," Benedicto alisema.

"Halikukaguliwa si kwamba limeshindwa," Bhoke alisema haraka.

"Mama, kwa chama ni kitu kimoja. Na mimi sirudi huku mpaka mwakani."

"Bomoa tu hilo bafu, Mama Thadeo," alishauri Nchagwa. "Dakika tano." Jembe lake alikuwa nalo. Hezekia naye alikuwa nalo. Bhoke alitazama yale majembe, akajua bafu likianguka leo, kesho shamba linabaki mashimo. Akiliacha, jina lake haliandikwi. Alishika nguzo ya lango kwa mkono mmoja.

Happy alikuwa amesimama njiani, ametoka kwa jirani, ameyasikia yote. Aliwazunguka wazee kwa mbali, nao wakageukia barabara kwa heshima. Akaingia shambani kupitia upande wa pili, akasimama kwenye mistari akiwa amewapa wote mgongo, akaanza kuongea na mimea.

"Ninyi wa mstari wa kwanza," alisema kwa sauti ya kidato cha nne, safi na ya juu, "mpo arobaini na mbili. Mlichimbwa mwezi wa tatu, upande wa mawio peke yake. Upande wa machweo haujaguswa."

Benedicto aliangalia mbingu. Akaangalia fomu yake. Kisha akaigeukia nguzo ya lango, akakohoa.

"Nguzo," alisema, "hebu waulize wa mstari wa pili mbona wana mapengo."

"Wa mstari wa pili," Happy akaijibu mimea, "mapengo yenu ni ya wagonjwa wa mgongo. Walikuja wakawang'oa na mzizi mkuu. Nimepanda vipande vingine kumi na tisa humo, na vyote vimeshika."

Nchagwa akaanza kukichunguza kiatu chake. Hezekia alificha jembe nyuma ya mguu, kana kwamba mguu wake ni mnene kiasi hicho.

"Nguzo, nataka kuuona mzizi ulivyokatwa."

Happy akapiga magoti, akafukua kwa kijiti, akakata mzizi mmoja wa pembeni, akalifukia shimo na kulikanyaga. Mzizi akauweka kwenye ungo, ungo akauacha langoni, akarudi nyuma hatua kumi. Benedicto akachutama, akaupima, akaunusa. Ile harufu yake tamu ikawafikia wazee wote, na hakuna aliyethubutu kumeza mate. Wakaendelea hivyo mstari kwa mstari, yule akiuliza nguzo, huyu akiwajibu majani, mpaka hesabu ikafika mia mbili na thelathini.

"Limepita," Benedicto aliiambia nguzo. Kisha akawageukia watu. "Jina la mkulima?"

Heche akasafisha koo. "Andika Heche."

Benedicto akasoma kwenye fomu, kidole chini ya maneno. "Mkulima ni yule anayeingia na kufanya kazi shambani mwenyewe." Akainua macho. "Ndugu yangu, mara ya mwisho umeingia lini?"

Heche akaitazama taulo, nayo ikacheza kidogo kwa upepo. Bhoke alisikia kicheko kinampanda kutoka tumboni, akakibana, akavuta kanga yake vizuri mabegani.

"Andika Bhoke," alisema.

"Vizuri, mama. Swali la mwisho tu, ni utaratibu. Mstari wa nne unachimbwa tena lini, na upande gani?"

Bhoke akafungua mdomo. Mstari wa nne. Aliupanda yeye, kila mche kwa mkono wake. Lakini tangu masika alikuwa kwenye kigoda, anahesabu wazee. Alitafuta kichwani, akakuta mkeka na wazee, basi. Kule ndani Happy alikuwa amenyamaza. Alijua, kila mtu pale alijua kwamba anajua. Alinyamaza ili mama mkwe wake apate kujibu.

"Happy," Bhoke alisema mwishowe, "mwambie."

"Mkulima ni wewe, mama." Hakugeuka, na sauti haikuwa na hasira hata kidogo. "Mimi niliwekwa hapa niwe uzio. Uzio hauulizwi."

Aibu ilimpata Bhoke, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Aliwaza ile taulo iliyotundikwa mbele ya barabara, na wasichana wa kwaya, na binti wa watu aliyekubali yote hayo bila kuambiwa ni kwa faida ya nani. Aliona pia miaka yake mitatu, na sahihi kumi na moja nyuma ya kalenda, na akaumia, maana alilitaka lile jina mpaka dakika ile na hata baada yake.

"Andika Happy," alisema.

"Una uhakika, mama?"

"Andika kabla sijabadili mawazo."

"Happy nani?"

"Happy Thadeo," Heche akadakia, akijaribu kuokoa kitu.

"Happy Nyangwine," Happy akaiambia mimea. Nyangwine ni baba yake.

Heche akataka kusema neno. Bhoke alimwangalia, naye akalimeza.

"Andika alivyosema mwenyewe," Bhoke alisema. Benedicto akaandika, na fomu ikapita langoni kwenye ungo, ikasainiwa, ikarudi kwenye ungo.

*

Jioni, jua halijazama, Heche alikaa kwenye kiti chake amejipinda. Siku nzima alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya wenzake, na safari hii ulikuwa mgongo kweli.

"Mama Thadeo," alisema taratibu, "hebu nichimbie kamzizi kamoja. Kadogo tu."

Bhoke alimhurumia. Alichukua kikapu, akazunguka nyumba. Langoni mkono wake ulikuwa umeshasukuma mlango wa miti aliposita. Happy alikuwa ndani, ameinama, anaufunga mtambaazi kwenye mti wake. Bhoke hajawahi kupiga hodi mahali alipopachimba kwa mikono yake. Alisimama pale muda, kikapu mkononi, roho inabishana.

"Hodi," alisema.

Happy akainuka, akashangaa kidogo. "Karibu, mama. Una shida gani?"

"Nataka mzizi mmoja. Baba yenu anaumwa."

Happy akajipangusa mikono kwenye kanga. Akautazama mstari wa kwanza, akautazama wa pili, anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Alionekana anasikitika kwa dhati.

"Mama, zamu haijafika," alisema. "Labda mwezi wa tatu."

Bhoke alirudi na kikapu kitupu. Alijaribu kukasirika njiani, ikashindikana. Alipofika uani alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. Heche akanyoosha shingo kuchungulia kikapu.

"Imekwisha?"

"Ipo tele. Nimenyimwa."

"Na nani?"

"Na mkulima," Bhoke alisema, akaingia jikoni kumchemshia maji ya kukanda mgongo.